Kibodi ya vitufe 47: nikiandika "mwalimu" kompyuta inajifunga

MtafsiriMoro (Morogoro)

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni msaada, na anayetaka kucheka acheke kwanza, nitasubiri.

Mimi ni mtafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili. Kazi zangu nyingi ni vipeperushi vya afya, mikataba na miongozo ya mafunzo, kwa hiyo kutwa nzima nachapa Kiswahili. Shemeji yangu anayesoma Ujerumani alikuja likizo, akaniachia kibodi yake ndogo ya mtindo wa Planck. Mistari minne, safu kumi na mbili, vitufe 47 badala ya 48 kwa sababu cha nafasi kimekula sehemu ya viwili. Vimepangwa kama vigae vya bafuni, kila kimoja chini ya mwenzake, hakuna mstari uliosogezwa pembeni. Upana wake sentimita 23 hivi, rula ya shule inaipita. Hakuna mstari wa namba, hakuna F1 hadi F12. Vyote vimefichwa kwenye matabaka mawili unayoyafungua kwa kushikilia vitufe vya kushoto na kulia mwa kitufe cha nafasi, wenyewe wanaviita Lower na Raise.

Kimwili naipenda. Bega la kulia limepoa, maana sasa mausi iko karibu, sinyooshi tena mkono kama natafuta kitu chini ya kitanda. Shida ni mpangilio. Shemeji anaandika programu na aliipanga kwa kazi zake. Mstari wa kati wote una kazi mbili mbili: ukigusa unapata herufi, ukishikilia unapata kitu kingine. A ni kitufe cha Windows, S ni Alt, D ni Ctrl, F ni Shift. Kulia, J ni Shift, K ni Ctrl, L ni Alt, na nukta mkato ni Windows tena. Anasema ameitumia hivyo miaka miwili bila tatizo.

Mimi nina wiki mbili. Nikiandika "mwalimu", nikifika kwenye "al" skrini inajifunga na kuniomba nenosiri. "Habari" inanifungulia kile kidirisha cha Run. "Mama" inateremsha madirisha yote, nabaki natazama picha ya milima ya Uluguru niliyoweka mwenyewe. "Maisha" inafungua mipangilio ya Windows. Juzi nilikuwa ukurasa wa tatu wa mwongozo wa kunyonyesha, nikaandika "akamweka". Maandishi yote yakageuka bluu, yakatoweka, likabaki neno moja tu juu ya ukurasa mweupe: "mweka". Kama kibao cha njia ya kushukia Kilimanjaro. Namshukuru aliyebuni Ctrl+Z, ingawa kuipata yenyewe ilinichukua dakika nzima.

Jambo la pili ni ng'. Alama ya ritifaa ameipeleka kwenye tabaka la Raise, na hata nikiipata, "ng'ombe" inatoka "ngómbe" na "ng'ambo" inatoka "ngámbo". Sijui ni kibodi au nimerogwa.

La tatu ni namba. Tarehe, vipimo vya dawa, ankara za wateja. Mpaka leo sijui 7 iko wapi bila kuinua kidole na kuhesabu kuanzia Q.

Sijui lugha ya C, lakini nina faili lake la keymap.c, lenye mpangilio wa vitufe, na naweza kufuata maelekezo. Kwenye config.h nimeona mistari hii miwili, kama inasaidia:

#define TAPPING_TERM 200
#define HOLD_ON_OTHER_KEY_PRESS

Nirekebishe nini? Au nimrudishie mwenyewe?

---

Dayodi48 (Nairobi)

Ndugu Mtafsiri, pole sana. Hiyo ya Mweka nimeisoma nikiwa kwenye matatu, watu wakaniangalia.

Usirudishe. Una magonjwa mawili tofauti, na moja si la kibodi kabisa.

Nianze na hilo. Kibodi haitumi herufi. Inatuma namba ya mahali pa kitufe, halafu Windows ndiyo inaamua mahali hapo pana herufi gani. Wewe umewekewa mpangilio wa Kimarekani ule wa kimataifa, United States-International. Humo ritifaa haitoki mara moja, inasubiri irabu ifuate ndiyo ivae juu yake kama kofia. Ndiyo maana "ng'o" inakuwa "ngó". Nakisia shemeji alitumia laptopu yako siku moja akataka kuandika ü, maana humo unaipata kwa alama ya kunukuu ikifuatwa na u. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, uondoe huo, uache US wa kawaida. Ng'ombe atarudi zizini leo leo.

Ya pili ni huo mstari wa HOLD_ON_OTHER_KEY_PRESS. Maana yake: kidole kikiwa bado juu ya A na kingine kikigusa kitufe chochote, papo hapo A inahesabiwa kuwa imeshikiliwa. Haingoji zile milisekunde 200 za TAPPING_TERM. Mtu anayechapa haraka vidole vyake hupishana. Cha pili kinashuka kabla cha kwanza hakijainuka, wewe mwenyewe huoni, lakini kibodi inaona. Futa huo mstari, weka PERMISSIVE_HOLD. Huo unataka kitufe cha pili kishuke na kiinuke chote wakati cha kwanza kiko chini. Vidole vinavyopishana tu havitoshi kuuamsha.

Utaona nafuu kubwa. Lakini nikuambie ukweli, haitaisha. Mimi nilipita njia hiyo hiyo na nilijaribu kila dawa iliyoko kwenye QMK, yaani programu inayoendesha kibodi hizi kwa ndani. Kuna moja inaitwa Chordal Hold, inayokubali kushikilia pale tu vitufe viwili vikiwa mikono tofauti. Nzuri, ila A iko kushoto, na L, M, I ziko kulia. K iko kulia, A kushoto. Kwa hiyo jozi hizo hazikuguswa hata kidogo. Nyingine ni Flow Tap, ambayo ukiwa katikati ya mwendo inazima kushikilia. Hiyo inaokoa "mwalimu", kwa sababu A inakuja mara tu baada ya W. Haiokoi "alisema" unapoanza upya baada ya kufikiri.

Sasa fikiria Kiswahili kinasimuliaje. Alikwenda, alisema, alipofika. Akaona, akakaa, akaondoka. Hadithi nzima ni "ali" na "ka". A ikifuatwa na L ni Windows+L, kufunga kompyuta. K ikifuatwa na A ni Ctrl+A, kuchagua kila kitu. Yaani ukikaa chini usimulie jambo lililopita, kibodi ya shemeji inakufungia mlango au inakufutia nyumba. Mpangilio ule uliandikwa na watu ambao kwao A ni herufi ya kawaida tu. Kwetu chukua "haraka haraka haina baraka": herufi 23, na 11 kati yake ni A. Herufi kama hiyo usiipe kazi ya pili. Basi. Iache iwe A.

Kazi hizo wape walio wavivu. Kiswahili hakina Q wala X. Ziko pale kwenye kona nzuri kabisa, zinangoja nywila na maneno ya Kiingereza. Mimi nimefanya hivi:

LGUI_T(KC_Q)
LCTL_T(KC_X)

Ukigusa unapata Q na X kama kawaida. Ukishikilia Q unapata Windows, ukishikilia X unapata Ctrl. Kunakili, kidole cha pete kinashikilia X, cha kati kinagonga C. Kubandika ni V hapo hapo jirani. Nilikuwa nimeijaribu C kwanza, lakini kwetu C haitembei bila H, na Ctrl+H inafungua dirisha la kutafuta na kubadilisha. Kila "chakula" ikawa dirisha. Ukitaka Ctrl+X yenyewe, tumia Ctrl ya mstari wa chini.

Ritifaa iweke pale kwenye nukta mkato, chini ya kidole kidogo cha kulia kinapopumzika. Nukta mkato ihamie tabaka la juu. Lini mara ya mwisho umeandika nukta mkato?

Namba, achana na mstari. Shikilia Lower kwa gumba la kushoto, mkono wa kulia upate mraba: U I O ni 7 8 9, J K L ni 4 5 6, M na mkato na nukta ni 1 2 3, sufuri kwenye N. Kwenye kibodi ya kawaida mraba huo umepinda kama nyumba iliyohamishwa na mafuriko. Kwako umenyooka, na hiyo ndiyo faida halisi ya vigae vyako.

Kuna jambo lingine linanogesha. QMK ina combo, yaani kugonga vitufe viwili kwa pamoja, ndani ya milisekunde 50 usipobadilisha, upate kitu cha tatu. Waandishi wa Kiingereza wanahangaika nayo kwa sababu herufi zao zinagusana hovyo. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo jozi za konsonanti ambazo hazikutani kamwe ni nyingi mno. Usitumie N+G kupata ng', maana nguo na ngoma zitakuharibikia. Tumia J+K. Hakuna neno lenye jk.

Ukikwama kuflashi, yaani kuingiza mpangilio mpya ndani ya kibodi, niambie. Ni kama kuflashi simu, ila hii haiwezi kukufia rahisi.

---

MtafsiriMoro

Mkuu Dayodi48, nimeondoa ule mpangilio wa kimataifa, na ng'ombe amerudi kweli. Tena umekisia sawa. Nimempigia shemeji, anasema alikuwa anaandika barua pepe kwa profesa wake.

Swali dogo. Kwa kuwa A ndiyo herufi yetu kuu na iko chini ya kidole dhaifu kuliko vyote, kwa nini tusiihamishe kabisa? Nimeona watu wanasifu mipangilio mingine ya herufi, Dvorak na Colemak.

---

Dayodi48

Dvorak ilipata hataza mwaka 1936, Colemak ikaja 2006, na zote mbili zimeiacha A pale pale, kidole kidogo cha kushoto. Waliokuwa wanaitafutia makao mazuri ni E. Kibodi ya Maltron hata iliiweka E chini ya gumba.

Nikachukua wazo hilo nikaweka A kwenye gumba la kushoto, nafasi kwenye gumba la kulia. Yangu niliiunganisha mwenyewe kwa waya, swichi 48 na dayodi 48, kwa hiyo nina vitufe viwili pale kwako palipo kimoja. Ndugu, ilikuwa tamu. Maneno mengi yanaishia na a halafu nafasi, gumba kwa gumba, kama mtu anapiga ngoma. Nilidumu wiki tatu. Halafu kazini nikaombwa kuandika kitu kwenye laptopu ya mwenzangu mbele ya watu, nikaandika sentensi nzima isiyo na A hata moja. Nikarudisha.

Ukiwa hutumii mashine ya mtu mwingine milele, jaribu.

---

Mpitanjia_TZ

Kariakoo zimejaa kibodi zenye vitufe 104, na namba zipo, na zinaonekana. Mnajitafutia nini?

---

BiChapa (Tabora)

Wanangu hamjambo.

Mimi ni mstaafu, nilisoma uhazili hapa hapa Tabora na nimepiga chapa ofisini miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia. Mjukuu ndiye aliyenionyesha mazungumzo haya kwa sababu nilikuwa nalalamika kuhusu simu yake.

Wewe Mpitanjia, mashine niliyojifunzia haikuwa na 1. Kweli kabisa. Moja ulipiga kwa l ndogo. Alama ya mshangao haikuwepo pia. Ulipiga ritifaa, ukarudi nyuma nafasi moja, ukapiga nukta chini yake. Ritifaa yenyewe ilikaa juu ya 8, unaipata kwa Shift. Barua za serikali zilitoka, watu wakapandishwa vyeo kwa barua hizo. Mashine yenye vitufe vichache si ajabu, ajabu ni mtu asiyejua vidole vyake viko wapi.

Na hayo mnayoita vigae, mimi nayaelewa kuliko mnavyodhani. Mistari ya mashine ya chapa ilipindishwa kwa sababu chini ya kila kitufe palikuwa na fimbo ya chuma inayokwenda hadi kwenye herufi yake, na fimbo mbili haziwezi kupita mahali pamoja. Hakuna aliyepima mkono wa binadamu. Kompyuta hazina fimbo, lakini wamerithi upindo kama mtu anayerithi deni la babu.

Mtafsiri, nikuulize kama nilivyokuwa nawauliza wasichana niliowafundisha: piga "nyumba" polepole ukitazama vidole. N, y, u, m, zote nne kidole cha shahada cha kulia. Peke yake. Vingine tisa vimekaa kama wageni wa heshima. Halafu piga "hujumu". Herufi sita, zote kidole hicho hicho kimoja, na jina lake linakwambia kinachofanyika. Kwenye mashine iliyopinda kidole hicho kinakwenda mshazari. Kwenye yako kinapanda na kushuka wima, y juu, h kati, n chini. Safu ya j nayo u juu, m chini. Kwa hiyo vidole vyako viliposhindwa wiki ya kwanza si kosa la kibodi, vilikuwa vinafuata mshazari uliozoea. Nusu ya upana wa kitufe, mstari wa chini umesogea kiasi hicho kwenye laptopu yako ukilinganisha na mstari wa kati.

Dawa yake ni ya zamani. Funika mikono kwa kanga. Sisi tulifungiwa kitambaa juu ya mashine. Piga mistari ya neno moja moja: nyumba, mboga, nyembe, hujumu, mnyama, bunju, tena na tena, dakika kumi kabla ya kazi. Usiongeze mwendo mpaka ukurasa utoke safi. Nakuona una haraka ya kubadilisha programu kabla hujabadilisha kidole.

Hiyo ya kuipa Q kazi ni akili. Sisi Q na X tulikuwa tunazifuta vumbi tu. Kitu kimoja tu nakosa kwenye hizi zenu, ile kengele ya kukuambia mstari unakaribia kuisha. Ilikuwa inanipa furaha.

---

MtafsiriMoro

Shikamoo mama. Nimepiga "hujumu" nikatazama, nikacheka peke yangu. Kanga nimeazima kwa mke wangu, ameuliza ya nini, nikashindwa kueleza.

---

BiChapa

Marahaba. Mwambie ya kazi.

---

Mgeni_wa_Matrah (Muscat)

Assalaam alaykum. Mie Mzanzibari, nipo huku Muscat, na nnayo kibodi kama hiyo. Nnaandika Kiswahili kwa ndugu na Kiarabu kazini, basi naomba kutia neno moja kabla hamjamhamisha huyu bwana vitufe vyake vyote.

Kama alivyosema wa Nairobi, kibodi yatuma mahali tu. Sasa kwenye mpangilio wa Kiarabu, herufi ya jim imekaa kwenye mabano ya mraba yanayofungua, na dal kwenye yanayofunga. Kibodi yako mabano hayo haina, yamefichwa tabakani. Andika "jadiid", yaani kitu kipya: herufi nne, jim moja na dal mbili. Tatu katika nne zipo kwenye vitufe visivyokuwepo. Mie siku ya kwanza nikamwandikia bosi wangu kuwa nna kibodi mpya, nikaambulia herufi ya (ي) peke yake.

Tena hiyo ya kubadilishana ritifaa na nukta mkato. Kwenye Kiarabu nukta mkato ndiyo kaf na ritifaa ndiyo ta nzito, ile ط. Ukizigeuza ndani ya kibodi, "kitaab" yaanza na ط, na mtu akisoma atadhani una mafua.

Kama huandiki Kiarabu, endelea zako. Kama waandika, weka tabaka la chini la pili, lenye kila kitu mahali pake pa zamani, na jim na dal uzipe combo. Jim nimeitia kwenye O na P kwa pamoja, dal kwenye I na O. Nikibadilisha lugha kwenye kompyuta, nabadilisha na tabaka kwa kitufe cha pembeni. Nikisahau kimoja yatoka kilugha cha majini.

---

MtafsiriMoro

Wakuu, leo ni siku ya ishirini na mbili tangu niulize. Nilisema nitaleta mrejesho.

Mstari wa kati sasa ni herufi tupu. A ni A. Nimeandika "alikuwa mwalimu akamweka" mara hamsini kwa makusudi, haikutokea kitu. Q ni Windows, X ni Ctrl, na Shift nimeacha ya pembeni kushoto kama zamani. Kuflashi mara ya kwanza kuligoma kwa sababu sikujua kuna kitundu cha kubonyeza upande wa chini, nikatumia kijiti cha meno. Mara ya pili programu ilikataa kujijenga kwa sababu ya mkato mmoja nilioufuta kwenye keymap.c. Nimetumia saa nzima kutafuta mkato. Wahariri wanaonilipa watafurahi kusikia.

Kiarabu siandiki, kwa hiyo ritifaa iko pale ilipokuwa nukta mkato, na sijui niliishije. Chang'ombe, kinyang'anyiro, kung'ang'ania, zote zinateleza.

Namba nimezigeuza, Dayodi48 unisamehe. Kabla ya kutafsiri nilikuwa wakala wa pesa za simu miaka minne, na vidole vyangu vinajua 1 2 3 iko juu kama kwenye simu. Yako ni ya kikokotoo. Kwa hiyo U I O ni 1 2 3, na M na mkato na nukta ni 7 8 9. Jana nimeandika ankara nzima bila kutazama chini, nikairudia kuisoma mara tatu kwa kutoamini. Shilingi zilikuwa sahihi.

Sasa combo ya J+K. Mkuu, ulisema hakuna neno lenye jk. Wiki iliyopita nilikuwa na kazi ya kutafsiri wasifu wa kijana anayeomba kazi, na mstari wa tatu unasema alihitimu mafunzo ya JKT. Nimeutuma. Mteja akanipigia kuuliza "NG"T" ni taasisi gani. Shift ilikuwa imeshikiliwa, kwa hiyo ritifaa nayo ikapanda ikawa alama ya kunukuu.

Nimehamisha combo kwenye D+F. Nimepekua kamusi nusu saa, sijaona df. Mwanzo wa sentensi naandika Ng' kwa mkono tu, herufi moja moja.

---

Dayodi48

Aki nisamehe. Na mimi uwanja wa ndege wa huku ni JKIA, naupita kila mwezi. Sijui ilinipitaje. Yangu nayo nahamisha leo.

---

MtafsiriMoro

Hakuna neno mkuu, mteja alicheka na amelipa.

Mama BiChapa, kurasa safi nimefika nne mfululizo. "Bunju" bado inanishinda, naandika "bumju". Na kimebaki kitufe kimoja, kona ya chini kushoto kabisa. Shemeji alikuwa anawashia taa nacho, lakini taa zenyewe zimekufa. Hakina kazi. Mwenye wazo nikiweke nini?

---

BiChapa

Kengele.